Mashua Iitwayo Bure

Tuliinunua mnadani, Rispa na mimi,
nusu kiinua mgongo changu cha posta,
nusu zamu yake ya chama:
mashua ya mbao, futi kumi na nne omo hadi tezi,
tanga la viraka vitatu,
na buibui waliouzwa pamoja na mlingoti.
Dalali alipouliza jina la kutia kwenye risiti
Rispa akasema, Andika Bure.
Akaandika.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa ya pili,
wavuvi wa Dunga walituita kutoka majini:
Mmebeba nini?
Hatujabeba kitu.
Mwaenda wapi?
Hadi pale, kisha turudi hapa hapa.
Wakatazamana kama watu waliotajiwa bei ya sukari.
Huku mashua ni ya omena, ni ya mchanga,
ni ya jeneza linalorudi kwao Mfangano.
Haijapata kuwa ya kukaa tu.

Maneno yenyewe niliyachimba kwenye kamusi,
maana huku bara hakuna wa kukufunza:
demani, joshi, shetri, foromali.
Nilimsomea Rispa kule zahanati anakong'oa meno,
mgonjwa ameachama, naye anasikiliza.
Moja nililipenda: kubisha.
Upepo ukikujia usoni huushindi wala huusihi,
unabishana nao kidogo kulia,
kidogo kushoto,
kama mama anayepatana bei sokoni Kibuye,
na kila hatua ya kando ni hatua ya mbele.
(Siku ile ya kwanza
kila hatua ya kando ilikuwa ya kando.)

Ziwa letu halijui bamvua wala maji mafu.
Halipwi. Lina mwaka wa kujaa tu,
kama ule lilipopanda ngazi za klabu, moja, moja,
kambale wakalala chini ya meza ya biliadi.
Asubuhi upepo hushuka Nandi, unatoa.
Adhuhuri hugeuka, unaingia.
Hiyo ndiyo saa yetu.

Tukipita gati la zamani la reli, chuma kimeiva kutu,
nahamia upande wa Rispa nisilione.
Baba alikuwa kwenye meli ya mvuke, chini, tanurini:
Mwanza, Bukoba, Port Bell, Kisumu,
miaka kumi na tisa akilizunguka ziwa
asilione.
Alilijua kwa sakafu ilivyoinama.
Alirudi nyumbani nyusi zimeungua,
tukamrukia, Bukoba kukoje, Baba?
Akasema: Kuna joto.

Nami leo nimeketi juu ya maji yale yale,
kitako kimelowa, nala njugu,
sijui namlipia deni
au namwibia.

Saa kumi gugumaji likafunga mlango.
Lilitoka Kisian likiwa mstari,
likafika likiwa shamba,
maua ya zambarau, na ndege mmoja wa miguu mirefu
akilikanyaga kama mpima ardhi.
Tanga limejaa, mashua haiendi.
Rispa akashika kasia akalima. Kweli, alilima.
Juu ya Nandi mawingu yakaanza kujumlishana.

Waliotukokota ni vijana wa mchanga,
nahodha wao Ogweno, kofia ya sufi juani,
injini ikikohoa.
Alisoma kwenye shetri, herufi kwa herufi:
Bu. Re.
Akatazama kamba, akatazama viatu vya Rispa.
Bure ni jina lenu, akasema. Kamba ni mia tano.

Tulilipa. Mvua ikatukuta ngazini.

Jumatatu viganja vilikataa kushika mwiko,
demani imevichuna. Mjukuu akauliza,
Kwani mlikuwa mkifanya nini huko?
Nikafikiri sana.
Kulikuwa na dakika moja, kabla ya gugu,
Rispa kanyamaza, kasia limelala,
maji yakigonga ubao, ta, ta,
kama mtu anayebisha hodi taratibu
kutoka upande wa chini.
Nikasema: Kulikuwa na upepo.